5G, 6G na haki za mtumiaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaouliza kuhusu 5G, kizazi cha tano cha mitandao ya simu, huanza na mionzi. Swali hilo lina jibu na utalikuta humu. Kinachonisumbua ni kwamba limemeza mjadala mzima, na jambo zito zaidi halipati wa kuliuliza: mitandao ya simu inaelekea kujua mengi mno kuhusu watu, hata wasio na simu, na kanuni za kuiwekea mipaka zinaandikwa sasa, kabla mitambo haijasimikwa. Faida nazo zipo, tena kubwa, na nimezieleza mahali pake. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi.

"Kizazi kijacho" ni kitu gani hasa?

Mitandao ya simu hubadilishwa karibu kila baada ya miaka kumi. Kizazi cha kwanza, cha sauti tu, kilianza Japani mwaka 1979. Cha pili kilianza Finland mwaka 1991 na kufungua mlango wa ujumbe mfupi. Cha tatu kikaanza Japani mwaka 2001, na cha nne Stockholm na Oslo mwaka 2009. 5G iliwafikia wateja kwa upana mwaka 2019, Korea Kusini na Marekani zikitangulia. 6G bado ni michoro na majaribio: Novemba 2023 ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, lilipitisha dira yake iitwayo IMT-2030, na huduma za kwanza zinatarajiwa karibu na mwaka 2030.

5G yenyewe si kitu kimoja. Ile inayotumia masafa (kasi ya mtetemo wa mawimbi ya redio) ya chini ya gigahezi 1 hufika mbali na kupenya kuta, lakini kasi yake haipishani sana na ya 4G nzuri. Ya karibu na gigahezi 3.5 ndiyo inayotegemewa zaidi mijini. Ya kuanzia gigahezi 24 ina kasi kubwa sana, ila huzuiwa na ukuta, majani ya mti, hata kiganja kilichoshika simu, kwa hiyo inahitaji antena nyingi zilizokaribiana. Shika hilo la antena kukaribiana, kwa sababu ndilo linalogeuka suala la faragha huko mbele.

Faida zinazotajwa ni za kweli?

Nyingi ni za kweli, ila mara nyingi si zile zinazotangazwa. Matangazo hupenda kasi. ITU iliweka lengo la gigabiti 20 kwa sekunde kwa 5G, lakini hicho ni kilele cha mnara katika hali bora kabisa, na wote walio chini ya mnara huo wanagawana. Hakuna mteja anayeahidiwa kasi hiyo mfukoni mwake.

Faida ninazozithamini ni nyingine. Kiziwi anayezungumza kwa lugha ya alama anahitaji video isiyokatika, kwa sababu picha ikiganda sentensi imepotea, na mtandao wenye nafasi ya kutosha unampa mazungumzo kamili. Mgodini na bandarini, mtambo unaweza kuendeshwa na mtu aliyeketi chumbani mbali na mwamba unaoweza kuporomoka. Nyumba isiyofikiwa na faiba, yaani nyaya zinazobeba data kwa mwanga, inaweza kupata intaneti ya maana kupitia antena ya dirishani. Na tangu viwango vilivyokamilishwa mwaka 2022, simu inaweza kutengenezwa izungumze moja kwa moja na setilaiti. Hiyo ni habari njema kwa baharia, mpanda mlima, na kwa eneo ambalo kimbunga kimeangusha minara yote.

Kuna faida moja ya zamani ambayo ningependa wabunifu wa 6G waitazame kwa makini: tahadhari za dharura zinazorushwa na mnara kwa simu zote zilizo karibu. Mnara unatangaza, simu zinasikia, na hakuna orodha ya waliopokea wala mahali walipokuwa. Inaokoa watu bila kumfuatilia mtu yeyote. Kumbe inawezekana.

Daktari kweli ataweza kunifanyia upasuaji akiwa nchi nyingine?

Imejaribiwa. Machi 2019 daktari wa China aliyekuwa Hainan alimfanyia mgonjwa aliyekuwa Beijing, ndani ya nchi hiyohiyo, upasuaji wa kupandikiza kifaa ubongoni, umbali wa kilomita 3,000 hivi, kupitia 5G. Ni hatua ya heshima.

Lakini usichanganye hilo na ule ucheleweshaji wa "milisekunde 1" unaotajwa kila mahali. Lengo hilo linahusu kipande cha redio tu, kati ya simu na mnara. Baada ya mnara kuna faiba, na ndani ya faiba mwanga husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda na kurudi kilomita 3,000 ni milisekunde 30 kabla ya kuhesabu mtambo wowote wa katikati, na hakuna kizazi cha simu kitakachobadili sheria hiyo ya fizikia. Swali la kimaadili ni hili: mawasiliano yakikatika kisu kikiwa mwilini, nani yuko chumbani? Hospitali isiyo na daktari wa kushika nafasi hiyo haijapata upasuaji wa mbali. Imepata hatari mpya.

Mionzi ya 5G inaleta saratani?

Ushahidi tulionao hausemi hivyo. Mawimbi ya simu hayana nishati ya kuvunja vifungo vya kikemia ndani ya seli, kama ifanyavyo mionzi ya eksirei. Mwanga wa kawaida tunaouona una masafa ya juu zaidi ya mara 10,000 kuliko 5G ya gigahezi 28. Athari inayojulikana na kuthibitishwa ya mawimbi haya ni joto, na viwango vya ICNIRP, tume ya kimataifa ya wanasayansi wa kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, vilivyosasishwa mwaka 2020, vimewekwa chini kabisa ya kiasi kinachopandisha joto la mwili kwa namna ya kudhuru.

Mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Kundi hilo huwekwa kitu ambacho ushahidi wake ni haba, si kilichothibitika. Mapitio makubwa yaliyoagizwa na shirika hilohilo na kuchapishwa mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo. Masafa ya juu ya 5G yamefanyiwa utafiti kwa muda mfupi kuliko ya zamani, na ni haki kudai uendelee. Hata hivyo yanaishia kwenye ngozi, chini ya milimita moja hivi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ili isikike. Kwa hiyo mnara unapokuwa karibu, simu iliyo sikioni mwako hutoa mawimbi kidogo zaidi.

Mwaka 2020 uvumi uliohusisha 5G na Covid-19 ulisababisha minara kadhaa kuchomwa moto Uingereza, mmoja ukiwa unaihudumia hospitali ya dharura ya wagonjwa wa Covid-19 Birmingham. Mafundi walitukanwa na kutishwa kazini. Waliojeruhiwa na uvumi huo ni watu halisi, na aliye na wasiwasi wa afya anastahili kujibiwa kwa hoja na heshima mapema, kabla mwenye kiberiti hajamfikia.

Kampuni ya simu inajua nini kunihusu?

Inajua ulipo. Haiwezi kukupigia simu bila kujua uko chini ya mnara gani, kwa hiyo kufuatiliwa kidogo ni sehemu ya huduma yenyewe. Inajua pia umempigia nani, saa ngapi na kwa muda gani, na tovuti au huduma unazoziendea, hata kama haioni yaliyomo.

Zamani kujua mnara kulimaanisha kujua eneo la kilomita kadhaa. Antena ndogo zinazokaribiana zinabana eneo hilo hadi mtaa, kisha jengo, kisha ghorofa. Viwango vya 5G vimeongeza mbinu za kupima mahali simu ilipo, na toleo la 2022 linalenga usahihi wa chini ya mita moja viwandani. Aliyeanguka na kupiga namba ya dharura bila kuweza kueleza alipo anaokolewa na usahihi huu. Lakini usahihi huohuo unaonyesha nani alikwenda kliniki gani, ibada gani, mkutano gani, na nani alilala kwa nani.

Na taarifa hizi huuzwa. Aprili 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitangaza faini za karibu dola milioni 200 dhidi ya kampuni za simu za AT&T, Verizon, T-Mobile na Sprint kwa kuwapa wengine taarifa za mahali wateja walipo bila ridhaa yao. Kampuni zilikata rufaa mahakamani. Kilichofichuka katika mnyororo ule ndicho kinachotisha: kampuni iliuzia dalali, dalali akamuuzia mwingine, na kila mmoja akadhani aliyemtangulia ndiye aliyeomba ridhaa.

Lakini si wanafuta majina kabla ya kuuza?

Haitoshi. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichunguza nyendo za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, majina yakiwa yameondolewa. Waliona kwamba kujua mahali panne na saa zake kunatosha kumtenga mtu mmoja miongoni mwa wote katika asilimia 95 ya kesi. Usahihi waliotumia ulikuwa wa minara ya wakati ule, na saa ikiwa imekadiriwa kwa saa nzima. Mahali unapolala na unaposhinda tayari ni pawili. Kampuni ikikuambia data "imefutwa majina", uliza kama imejumlishwa kiasi kwamba hakuna safari ya mtu mmoja inayobaki humo.

Nimesikia 5G ni salama kuliko 4G. Ni kweli?

Kwa sehemu, na sehemu hiyo ni muhimu. Vizazi vya zamani vilikuwa na udhaifu ambao polisi na wahalifu wote waliutumia: kifaa kinachojifanya mnara kinaiomba simu namba yake ya utambulisho, nayo inaitaja wazi. Ukikiweka karibu na maandamano unapata orodha ya waliohudhuria. 5G iliweka njia ya kuificha namba hiyo kwa usimbaji, yaani kuigeuza fumbo, kabla haijaondoka kwenye simu.

Ulinzi huu, hata hivyo, una masharti mawili. Mtandao mwingi ulioitwa 5G mwanzoni ulikuwa antena mpya zilizofungwa kwenye mitambo ya ndani ya 4G, na hapo ulinzi huo haupo. Na pale ulipo, ni kampuni inayochagua kuuwasha. Alama ya 5G kwenye kioo haikuambii lolote kati ya hayo mawili. Naona hilo ni kosa: mteja angepaswa kuoneshwa.

6G itaweza "kuona" watu wasio na simu?

Hilo ni moja ya malengo yake yaliyoandikwa. Miongoni mwa matumizi sita yaliyotajwa katika dira ya IMT-2030 kuna lile la kuunganisha mawasiliano na kuhisi: mnara unarusha mawimbi, yanagonga vitu na kurudi, na mwangwi wake unasomwa kama rada. Si ndoto. Zaidi ya miaka kumi sasa, watafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, akiwemo Dina Katabi, wameonyesha kwamba mawimbi ya redio yanaweza kupima pumzi na mapigo ya moyo ya mtu aliye upande wa pili wa ukuta, bila kumvalisha chochote.

Hebu tuanze na uzuri wake, kwa sababu ni mkubwa. Mzee anayeishi peke yake anaweza kuanguka bafuni, na msaada ukaitwa bila kamera kumtazama wala kifungo cha kukumbuka kukibonyeza. Pikipiki iliyofichwa na kona inaweza kuonekana kabla haijakutana na basi. Waliofukiwa na jengo wanaweza kutafutwa kwa pumzi zao. Mimi nisingependa mambo haya yazuiwe.

Tatizo ni ridhaa. Faragha yote ya simu imejengwa juu ya wazo kwamba mtu amechagua: alinunua simu, alikubali masharti, na akitaka anaweza kuizima au kuiacha nyumbani. Uchaguzi huo ni finyu, lakini upo. Mnara unaohisi unaufuta. Mtoto mchanga hajasaini mkataba wowote. Mgeni aliyeacha simu kwake kwa makusudi, kwa sababu anamkimbia mume anayempiga, anaonekana vilevile. Hakuna kitufe cha kuzima mwili.

Wapo wanaotuliza kwa kusema mwangwi hauna jina. Ni kweli kwa sekunde chache za kwanza. Lakini mwangwi wa mtu na simu yake vikitembea pamoja kwa dakika moja, jina limepatikana. Mwendo wa mtu pia una saini yake. Na mtambo wenye uwezo wa kuhisi, ukishasimikwa kwa ajili ya barabara, hautaki antena mpya ili utumike kwa jambo lingine. Unahitaji programu mpya tu, ambayo inaweza kuingizwa usiku bila mtu yeyote kupanda mnara.

Ndiyo maana nadhani masharti lazima yawe ndani ya kiwango chenyewe, si katika tangazo la sera: kuhisi kuwe kumezimwa mpaka kuwashwe kwa sababu iliyotajwa; mwangwi uchakatwe palepale na kutupwa, likipita jibu tu, "kuna aliyeanguka"; kuunganisha mwangwi na namba ya mteja kuhitaji amri ya mahakama; na kila matumizi yaache kumbukumbu isiyofutika ambayo mkaguzi huru anaweza kuisoma. Makazi ya watu, kwa maoni yangu, yawe nje kabisa isipokuwa mwenye nyumba ameomba.

Kuna ubaya gani polisi wakiwa na njia ya kusikiliza kwa kibali cha mahakama?

Uchunguzi wa uhalifu una haja zake, na sipuuzi. Ubaya ni kwamba njia iliyojengwa ndani ya mtambo haijui nani anaipita. Kati ya 2004 na 2005 watu wasiojulikana waliuwasha kwa siri mfumo wa kusikiliza ndani ya mitambo ya Vodafone Ugiriki na kunasa simu zaidi ya 100, ikiwemo ya Waziri Mkuu Kostas Karamanlis.

Miaka ishirini baadaye, Novemba 2024, FBI na CISA, wakala wa usalama wa mtandao, za Marekani zilieleza kwamba wadukuzi waliohusishwa na serikali ya China wameingia kwenye kampuni kadhaa za simu, wameiba rekodi za simu za wateja na kunakili taarifa ambazo vyombo vya sheria vilikuwa vimeziomba kwa amri za mahakama. China ilikana. Mwezi uliofuata maofisa wa Marekani waliwashauri wananchi watumie programu za ujumbe zenye usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, ambao ni mtumaji na mpokeaji tu wanaoweza kuusoma, aina ileile ya usimbaji ambayo vyombo vya usalama vimelalamikia kwa miaka mingi. Sijui ushahidi gani mwingine unahitajika.

Nchi ikinunua mitambo ya China inajiweka hatarini?

Hatari ipo kwa muuzaji yeyote, na ni vyema kuisema bila upendeleo. Australia iliizuia Huawei kwenye 5G mwaka 2018. Uingereza iliamua Julai 2020 kwamba vifaa vyake viondolewe vyote kufikia mwisho wa 2027. Hoja iliyotajwa mara nyingi ni sheria ya ujasusi ya China ya 2017, inayozitaka taasisi za nchi hiyo zishirikiane na kazi za ujasusi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini nyaraka za mwaka 2013 za Edward Snowden, aliyevujisha siri za ujasusi wa Marekani, zilionyesha mashirika ya Marekani na Uingereza yakikusanya mawasiliano ya dunia nzima.

Kwa nchi isiyotengeneza mitambo yake, kumchagua rafiki hakutoshi. Inahitaji wahandisi wake wenyewe wa kukagua programu, wauzaji zaidi ya mmoja, na mkataba unaoruhusu kuondoka.

Serikali zitaweza kuzima mtandao kwa urahisi zaidi?

Tayari zinaweza, amri moja kwa kampuni za simu inatosha. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lililaani kuzima kwa makusudi upatikanaji wa intaneti mwaka 2016, na kuzimwa kumeendelea. Kinachobadilika ni gharama yake: kadiri hospitali, malipo na huduma za dharura zinavyohamia kwenye mtandao mmoja, ndivyo kuuzima kunavyoua watu.

Nani anaachwa nyuma?

Kwa takwimu za ITU za 2024, watu bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti kabisa. 5G iliwafikia asilimia 84 ya watu katika nchi za kipato cha juu na asilimia 4 tu katika nchi za kipato cha chini. Pengo hilo huzaa jingine: huduma za umma zikishatengenezwa kwa kuwaza mwenye mtandao wa kasi, fomu inakuwa nzito, maelekezo yanakuwa video, na dirisha la ofisi linafungwa.

Kuna wanaoachwa nyuma kwa namna isiyozungumzwa sana, nao ni wale wenye simu za zamani. Ili kupata masafa ya vizazi vipya, kampuni huzima 2G au 3G. Australia ilipozima 3G Oktoba 2024, iligundulika kabla kwamba baadhi ya simu zilikuwa zikipiga kawaida kwa 4G lakini zikirudi kwenye 3G pale mtu anapopiga namba ya dharura. Mwenye simu hiyo angeona kila kitu kiko sawa mpaka siku ambayo nyumba inaungua. Uzimaji uliahirishwa ili simu hizo zitafutwe. Vifaa vya tiba, kengele za lifti na vitufe vya wazee vya kuomba msaada vilikuwa katika hatari hiyohiyo. Anayezima mtandao wa zamani ndiye anayepaswa kumtafuta na kumbadilishia kifaa aliyebaki humo, kwa gharama yake. Mteja hakuomba kuhamishwa.

Kugawa mtandao mmoja katika vipande ni haki?

5G inaruhusu mitambo ileile ibebe mitandao kadhaa iliyotenganishwa, kila mmoja na ubora wake. Kipande cha zimamoto kisichosongwa na msongamano wa mechi uwanjani ni jambo jema. Kipande cha matajiri kinacholegeza mtandao wa wengine si jambo jema, na teknolojia ni ileile. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2015 sheria ya intaneti iliyo wazi kwa wote, na India mwaka 2016 ilipiga marufuku bei zinazobagua kulingana na maudhui. Pasipo na sheria kama hizo, kipande cha pili kitauzwa mapema kuliko cha kwanza.

Mazingira je?

Kwa kila gigabaiti, 5G hutumia umeme kidogo kuliko 4G, na minara mipya inaweza kulala pasipo na watumiaji. Lakini gigabaiti zenyewe zinaongezeka, na akiba humezwa na ongezeko. Kampuni inayotangaza upungufu kwa kila gigabaiti bila kutaja jumla ya umeme wake wa mwaka imekupa nusu ya hesabu.

Uzito mkubwa zaidi kwa mtumiaji uko kwenye simu, kwa kuwa sehemu kubwa ya madhara yake hutokea wakati wa kuitengeneza. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Kobalti ya betri, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima, huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na baadhi yake huchimbwa kwa mikono, watoto wakiwamo. Simu ya 4G inayofanya kazi vizuri haihitaji kubadilishwa kwa sababu tu minara imebadilika.

Ni kweli 5G iliingilia ndege na utabiri wa hali ya hewa?

Kuna ukweli ndani yake. Januari 2022 mashirika kadhaa ya ndege, Emirates likiwemo, yalisitisha baadhi ya safari kwenda Marekani kwa hofu kwamba 5G mpya, iliyokuwa karibu na gigahezi 3.7 hadi 3.98, ingevuruga vipimo vya urefu vya ndege vinavyotumia gigahezi 4.2 hadi 4.4. Nguvu ya minara iliyo karibu na viwanja ikapunguzwa na vipimo vikarekebishwa.

La hali ya hewa linanigusa zaidi. Mvuke wa maji angani hutoa ishara dhaifu karibu na gigahezi 23.8, na setilaiti huisoma ili kutabiri mvua na vimbunga. Ishara hiyo haiwezi kuhamishwa, maana imewekwa na maumbile. 5G ya gigahezi 24 ni jirani yake wa karibu. Mkutano wa dunia wa masafa uliofanyika Sharm el-Sheikh mwaka 2019 ulikubaliana mipaka ya kelele, itakayokazwa zaidi kwa mitambo ya baada ya Septemba 2027, huku wanasayansi wa hali ya hewa wakisema bado imelegea. Mnada wa masafa huingiza fedha papo hapo; tahadhari ya kimbunga iliyochelewa haina dau kwenye mnada.

Nani anaamua haya yote?

Viwango vya kiufundi huandikwa na 3GPP, ushirika ulioanzishwa mwaka 1998, ambamo wahudhuriaji wengi ni wahandisi wa kampuni za mitambo, simu na chipu. Nyaraka zake ziko wazi kwa umma, jambo la kusifiwa. Lakini mikutano ni mingi, hufanyika mabara tofauti, na lugha yake ni ngumu, kwa hiyo watetezi wa faragha, wenye ulemavu na wawakilishi wa nchi maskini ni wachache mno vyumbani.

Wakiwepo, mambo hubadilika. Kufichwa kwa namba ya utambulisho katika 5G kulitokana na miaka ya watafiti kuonyesha hadharani jinsi minara ya bandia inavyofanya kazi, hadi kamati ya usalama ikaliandika suluhisho kwenye kiwango. Kwa 6G dirisha hilo liko wazi sasa. Vyuo vikuu, mamlaka za ulinzi wa taarifa binafsi na vyama vya watumiaji vinavyosubiri mpaka minara isimame vitakuta kazi iliyobaki ni ya kulalamika.

Mimi mtumiaji nifanye nini leo?

Tumia programu ya ujumbe na simu yenye usimbaji wa mwanzo hadi mwisho. Kwenye simu nyingi za Android za kuanzia toleo la 12 unaweza kuzima 2G katika mipangilio ya mtandao, na hivyo kumnyima mwenye mnara bandia njia rahisi zaidi. Kwenye iPhone, kuanzia iOS 17, hali ya kujifungia (Lockdown Mode) huizima yenyewe. Kabla ya kuizima, hakikisha eneo lako lina 4G ya kutegemewa, usije ukakosa mawasiliano wakati wa dharura.

Kisha iandikie kampuni yako maswali manne: mnahifadhi taarifa za mahali nilipo kwa muda gani, mnampa nani, je, mmewasha ulinzi wa namba ya utambulisho kwenye 5G, na mna mpango gani wa kuhisi watu kwa minara? Nakala ipeleke kwa mamlaka ya mawasiliano na kwa ile ya ulinzi wa taarifa binafsi, kama nchi yako inayo.